Aliyepata Nafuu Anapomshika Mwenzake Mkono: Mwongozo wa Kumsaidia Mraibu

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na katika kazi ya kuwasaidia waraibu msemo huu ndio mtaji wetu sisi tuliokilalia kitanda hicho kwa miaka. Mraibu akiambiwa na daktari kwamba arosto, yale mateso ya mwili uliokatishiwa kilevi, hupita, husikia maneno. Akiambiwa na mtu aliyewahi kujikunja sakafuni kwa maumivu yale yale, husikia ushahidi. Hata hivyo, nimejifunza kwa wengine na kwa makosa yangu mwenyewe kwamba kuwajua kunguni ni jambo moja na kumwondoa mtu kitandani ni jambo lingine. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyeacha pombe au dawa za kulevya na ambaye sasa anataka kumsaidia mwingine, iwe kwa kujitolea, kupitia kikundi, au kwa kuajiriwa kama mwelimishaji rika. Jambo moja litajirudia ndani yake: ulipata nafuu kwa kujishughulikia mwenyewe, lakini utamfaa mwenzako kwa kujiweka pembeni.

Jambo hilo lina historia. Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa mlevi kupindukia, aliacha pombe mnamo Desemba 1934 na kwa takribani miezi mitano akawaendea walevi wenzake mjini New York akiwahubiria, wala hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wake, William Silkworth, alimshauri apunguze mahubiri. Mwezi Mei 1935 Wilson alijikuta Akron, Ohio, biashara iliyompeleka huko ikiwa imeharibika, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli huku sauti za watu wa baa zikimfikia. Badala ya kuingia baa alipiga simu huku na huku akitafuta mlevi wa kuzungumza naye, mpaka akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Walizungumza kwa saa kadhaa, kwa sababu safari hii Wilson hakuja na mahubiri. Alikuja na shida yake, akisema kwamba anamhitaji mwenzake ili yeye mwenyewe asinywe. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku inayohesabiwa kuwa Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo huadhimishwa kama mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Miaka 30 baadaye, mnamo 1965, mtaalamu wa Marekani Frank Riessman aliandika kuhusu kanuni inayosema kwamba anayesaidia hunufaika kwa kule kusaidia kwenyewe. Sisi tulioko kazini tunaijua kanuni hiyo kwa miili yetu, maana siku ngumu huwa nyepesi ukishaketi na mtu mwenye shida kubwa kuliko yako. Lakini hapo hapo pana mtego. Kujisikia vizuri baada ya mazungumzo si uthibitisho kwamba mwenzako amesaidika, na Wilson alibaki bila kunywa katika miezi ile mitano ambayo hakuna hata mmoja aliyefuata. Usiipime kazi yako kwa faraja unayoipata wewe.

Jipime kwanza

Programu nyingi humtaka mtu awe ametimiza mwaka mmoja au miwili bila kutumia kabla ya kukabidhiwa watu wa kuwasaidia, na mimi nauona kuwa utaratibu wa haki, ingawa wenye ari huuona kama kizuizi. Nilipokuwa na miezi minane tu nilirudi peke yangu kwenye maskani, kijiwe nilichotumia dawa zamani, nikiwa na pesa mfukoni, ili nimtoe rafiki yangu. Sikumtoa. Nilikaa saa mbili nikimbembeleza, na nikumbukacho zaidi si maneno yetu bali mlio wa kiberiti na harufu ya karatasi ya jaribosi ikipata moto, na jinsi viganja vyangu vilivyolowa jasho kabla akili yangu haijakubali kwamba nilikuwa nimeanza kutamani. Niliondoka kwa sababu mtu mmoja alinipigia simu kwa jambo lingine kabisa. Usitegemee kwamba wewe nawe utapata simu kama hiyo.

Kabla ya kuanza, kwa hiyo, hakikisha una mtu wa kukusimamia, awe mdhamini wako wa zamani (yule aliyepata nafuu kabla yako akakuongoza ulipokuwa unaacha), mshauri nasaha au kiongozi wa kikundi, ambaye atakuuliza kila wiki umeonana na nani na umebaki na nini moyoni. Usiende maskani peke yako. Nendeni wawili, msibebe pesa zaidi ya nauli, na mkubaliane mapema kwamba mmoja akisema tuondoke, mnaondoka bila mjadala. Jichunguze pia kwa mambo manne ambayo waraibu wengi waliopata nafuu huyataja kuwa ndiyo yanayowaangusha: njaa, hasira, upweke na uchovu. Siku unayoyaona mawili kwa pamoja, ahirisha ziara na umwombe mwenzako aende badala yako.

Uhai kabla ya mengine yote

Mtu aliyekufa haachi pombe wala unga, na kwa sababu hiyo sehemu hii ndiyo ninayoomba isomwe mara mbili.

Watu wengi hudhani kwamba ujasiri ni kuacha ghafla. Kwa mtumiaji wa heroini arosto ni mateso makali yanayoanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho na kudumu siku 4 hadi 10. Ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, ingawa kutapika na kuhara kunaweza kumkausha maji mwilini kwa kiwango cha hatari. Pombe ni habari nyingine. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatisha ghafla, mwili wake unaweza kuingia katika degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, kupanda joto na kufa asipotibiwa. Hatari kama hiyo huwapata pia waliozoea vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya benzodiazepini, ambavyo hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine. Mzee mmoja alinijia asubuhi akaniambia hajagusa pombe tangu jana. Alikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika kwenye suruali yake. Jasho lilikuwa limemtoka ingawa hapakuwa na joto. Nikampongeza, nikamwambia, "Baba, kaza moyo, siku tatu zikipita umeshinda." Usiku ule alipatwa na degedege mbele ya wajukuu zake, akapelekwa hospitali, na kwa rehema za Mungu akapona. Ile mikono na lile jasho vilikuwa vinaniambia nimpeleke kwa daktari saa ile ile, nami nikavisoma kama ushujaa. Ukimkuta mnywaji wa kila siku anayetaka kuacha, muulize anakunywa kiasi gani, alikunywa mara ya mwisho lini, na kama amewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipoacha zamani. Kisha fuatana naye kwenye kituo cha afya kabla hajakatisha. Akiwa tayari anatetemeka na kutoka jasho, usisubiri kesho.

Jambo la pili ni kuzidisha dozi. Mwili uliokaa wiki chache bila heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni hupoteza ule uzoefu wa kuzihimili, hivyo dozi iliyokuwa ya kawaida zamani inaweza kuwa ya kuua leo. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba ya kupata nafuu ni wiki za hatari kubwa, na ndiyo maana mtu anayetoka huko anapaswa kuambiwa habari hii wazi wazi, hata kama familia inaona kwamba kulizungumza ni kumtakia mabaya. Mweleze mwenzako hatari hii mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomweleza mtu kuhusu barabara mbovu anayokwenda kuipita.

Mtu aliyezidisha dozi haamki hata ukimwita kwa nguvu na kumsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Anapumua taratibu mno au anakoroma kama mwenye maji kooni. Midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu au kijivu, na mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya pini. Usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Ita msaada wa dharura, mpe naloksoni, dawa inayoondoa athari za afyuni, kwa kumpulizia puani au kwa sindano ya msulini kama umefundishwa na unayo, na mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi. Asipozinduka baada ya dakika mbili au tatu, mpe dozi nyingine. Akianza kupumua, mlaze ubavu na usimwache, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kuwa bado imo mwilini ikisubiri kumlaza tena. Naloksoni haiwezi kuondoa athari za pombe wala za vidonge vya usingizi, lakini kama hujui alitumia nini, mpe tu, kwani hutamdhuru. Tafuta mafunzo haya kabla ya mafunzo mengine yoyote.

Kumsikiliza mtu asiyetaka kuacha

Wengi utakaokutana nao hawataki kuacha, au wanataka asubuhi na jioni hawataki. Methali ya mgonjwa haulizwi uji haifai hapa, maana mraibu lazima aulizwe, tena kwa subira. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mnamo 1983 njia ya kuzungumza na walevi ambayo baadaye aliikuza pamoja na Stephen Rollnick, na kiini chake ni kwamba mtu hubadilika kwa sababu anazozitamka mwenyewe kuliko anazosomewa na wengine. Ukimsukuma, atatetea pombe yake. Kadiri anavyoitetea kwa sauti, ndivyo anavyozidi kuiamini hoja yake.

Chukua mfano wa kijana anayekuambia, "Kaka, mimi sina tatizo kama wanavyosema. Natumia mwisho wa wiki tu. Mama ndiye anayekuza mambo." Ulimi utakuwasha umjibu kwamba anajidanganya na kwamba wewe nawe ulisema hivyo hivyo. Uzuie. Mwambie, "Kwa hiyo unaona mambo bado umeyashika mwenyewe, na linalokusumbua ni ugomvi na mama." Kisha nyamaza, tena nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Atasema, "Ugomvi, na kazini pia. Jumatatu mbili sikwenda." Rudia tu: "Jumatatu mbili." Naye atasema, "Tatu, nikisema kweli." Ile Jumatatu ya tatu hukuitoa kwake kwa kumbana, aliileta mwenyewe, na kwa kuwa ni yake ataondoka nayo. Hapo muulize angependa Jumatatu ijayo iweje, wala usiharakishe kumpa jibu.

Kabla ya kutoa ushauri omba ruhusa, hata kwa aliye mdogo kwako: "Mdogo wangu, unaniruhusu nikuambie lililowasaidia watu wengine?" Akikataa, nyamaza. Ninajua jinsi inavyouma kunyamaza mbele ya mtu anayezama, na sikulaumu ukishindwa mara ya kwanza.

Kiasi cha hadithi yako

Hadithi yako ni chumvi ya kazi hii: bila yake wewe ni mshauri kama mshauri mwingine, na ikizidi chakula hakiliki. Isimulie pale inapomjibu mwenzako jambo alilouliza au analoogopa kuuliza, kwa dakika mbili au tatu, kisha mrudishie mazungumzo. Akisema haamini kwamba usingizi utarudi, mwambie ulikaa usiku ngapi bila kulala na ulirudi vipi. Asipokuambia hivyo, usimsimulie. Acha kabisa kueleza kwa undani jinsi ulivyokuwa ukitumia, ulivyochanganya au ulivyojisikia dozi ilipoingia, kwa sababu maelezo hayo huamsha hamu kwake na kwako pia. Jihadhari vilevile na mashindano ya mateso. Mwanamke aliyekuja na aibu ya kuwaacha watoto wake hahitaji kusikia kwamba wewe ulifanya makubwa zaidi. Anahitaji kujua kwamba unaweza kulisikia la kwake bila kugeuza uso.

Njia yako si njia pekee

Kama ulipata nafuu kupitia Hatua Kumi na Mbili za Alcoholics Anonymous, au kupitia msikiti au kanisa, au kwa kukaa miezi kadhaa katika nyumba ya kupata nafuu, utaamini kwa dhati kwamba ndiyo njia, na imani hiyo imekuweka hai. Lakini usiitumie kumnyima mwenzako njia nyingine. Ninalisema hili hasa kuhusu methadoni na buprenofini, dawa zinazotolewa hospitalini badala ya heroini ili kuzuia arosto, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Mtumiaji wa heroini anayekunywa methadoni kila siku kwa maelekezo ya daktari hupunguza sana uwezekano wa kufa kwa kuzidisha dozi, na anaposhinda bila arosto anapata nafasi ya kufanya kazi, kula na kulea. Kumwambia mtu huyo kwamba "bado hajaacha" ni kumsukuma aikatishe dawa kwa aibu, na akiikatisha hatari ya kifo hurudi. Kama kikundi chako hakimpokei, mtafutie kinachompokea.

Mipaka

Usimkopeshe pesa wala usimshikie pesa zake. Mahitaji ya nauli au chakula yapitie kikundi au ndugu yake. Usiingie naye katika mapenzi, hata yeye akitaka, hata mkiwa watu wazima wawili, kwa kuwa anakutegemea, na anayekutegemea kwa uhai wake hana uhuru kamili wa kukukatalia. Mwambie tangu siku ya kwanza simu yako inapokelewa saa ngapi, na ampigie nani nje ya saa hizo.

Siri inahitaji maneno mengi zaidi, maana ndipo imani hujengwa au hubomoka. Analokuambia lisifike kwa mama yake, mwajiri wake wala kwa mraibu mwingine, hata kwa nia njema. Lakini usimwahidi kwamba hutasema lolote kwa yeyote. Mweleze mapema kwamba akitaka kujidhuru, au mtoto akiwa hatarini, utalazimika kutafuta msaada, na kwamba una msimamizi unayezungumza naye kuhusu kazi. Mtu aliyeelezwa mapema huweza kukasirika siku ikifika. Aliyeahidiwa kisha akasalitiwa hatarudi tena.

Anaporudia

Wengi hurudia matumizi, tena si mara moja, na wengi waliopata nafuu ya kudumu, mimi nikiwamo, walijaribu mara kadhaa kabla. Akikujia ametumia, la kwanza muulize kama yuko salama, ametumia nini na kiasi gani. Usimwambie amekuvunja moyo. Moyo wako ni kazi ya msimamizi wako. Kesho yake, akiwa ametulia, rudini pamoja katika siku zile tatu au nne kabla hajatumia, mkitafuta saa mambo yalipoanza kugeuka: nani alimpigia, alilala lini, mshahara uliingia siku gani. Mara nyingi mtaikuta saa hiyo mbali na ile ya kutumia, na hapo ndipo pa kuweka mpango mpya. Wengine hawatarudi, na baadhi watakufa. Ukipata habari hiyo, usishike zamu siku ile. Nenda kwa msimamizi wako, nenda mazikoni ukiweza, na lia.

Wewe ukiteleza

Ukitumia, hata mara moja, hata kidogo, mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo na uache kuwahudumia watu mara moja. Usiendelee kwa kuogopa kwamba watavunjika moyo, kwa sababu watu waliozoea kudanganya na kudanganywa hunusa uongo kabla hujafungua mdomo. Kwa ajili hiyo, kila mtu unayemsaidia awe ameshamfahamu mwenzako mmoja wa kazi angalau, kwa jina na kwa namba ya simu, tangu wiki zenu za kwanza. Msimamizi atawaambia kwamba umepumzika kazi na nani anakushikia nafasi. Zaidi ya hapo utayasema wewe ukiwa tayari. Wewe kaa upande wa pili wa meza, chukua kikombe chako cha chai, na umwache mwingine akuulize ulitumia nini, lini, na ulilala saa ngapi.